Marobota 200, Daraja la Tatu

Jumatatu

Saa mbili na nusu asubuhi, sijamaliza hata kufagia, ameingia dalali wa mkonge. Mwenyewe hujiita mfanyabiashara. Ameweka mezani karatasi mbili za Kiarabu akasema anazitaka kwa Kifaransa, Ijumaa.

Nimemuuliza kama hajakosea duka. Hapa pana mashine ya kopi, printa, picha za pasipoti, bahasha na kalamu za bluu. Nyeusi zimekwisha. Akasema hajakosea, kwa sababu mlangoni nimeandika "Huduma Zote za Maandishi". Bango hilo ni kweli ni langu. Fundi alinitoza kwa ubao, si kwa herufi, nikaona hakuna haja ya kubana maneno.

Maelezo yake ni haya. Mnunuzi yuko Jeddah na anaandika Kiarabu. Anataka singa za mkonge za kuchanganya kwenye jasi, yale mapambo ya dari na kuta ambayo huku kwetu tunayaona kwenye picha za harusi za watu wengine. Mzigo utashushwa Casablanca kwa mshirika wake, na ofisi ya huko, ingawa ni ya Waarabu, makaratasi yake ya benki na bandari huyaandika kwa Kifaransa. Hayo ni mabaki ya utawala wa Wafaransa, uliokwisha Moroko mwaka 1956. Mkonge wenyewe utatoka hapa hapa Pangani. Kwa nini watu wawili wanaojua Kiarabu hawawezi kuelewana bila kupitia kwangu, sikuuliza. Katika kazi ya steshenari ukiuliza sana mteja huvuka barabara.

Bei tumekubaliana 60,000. Ametanguliza 10,000. Saa nne umeme ulikata, nikanunua Luku.

Jumanne

Nimeanza na simu, kama kila mtu. Programu ya kutafsiri inataka maandishi yaliyochapwa, na mimi ninayo picha. Nimeipitisha karatasi kwenye skana, nikaibadilisha, nikaifungua kwenye kompyuta yangu, ambayo ina umri wa kuanza darasa la tano. Herufi za Kiarabu zimetoka zimeachana, kila moja imesimama peke yake kama watu waliogombana, na mstari umeanzia kushoto. Nikaprinti hivyo hivyo. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri picha za pasipoti akaitazama akasema, "Kiarabu cha wapi hiki?" Sikuwa na jibu, nikamwambia ainue kidevu.

Mchana nimeamua angalau tarakimu nizihamishe mwenyewe. Uzito wa robota moja umeandikwa ٢٥٠. Ya kwanza inafanana na 2 iliyochoka. Ya pili ni kiduara, kwa hiyo sifuri. Ya tatu ni nukta, na nukta ni mwisho wa habari. Nimeandika kilo 20.

Bando limekwisha saa kumi.

Jumatano

Baada ya alasiri nimekwenda kwa Ustadhi. Nilimkuta kibarazani na kikombe cha kahawa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akirudia somo kwa sauti ya kutaka asikike amefika mwisho. Ustadhi amesoma Tanga miaka saba, na hakuna mtu mji huu anayetilia shaka Kiarabu chake. Amekuwa akinifungia ndoa za ndugu zangu na kunizikia wazee wangu kwa Kiarabu hicho.

Amevaa miwani, akasoma ukurasa wote kimya. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Mwanangu, nani kakupa karatasi hii?"

Nikasema ni mfanyabiashara.

"Biashara ya nini?"

Nikasema sijui zaidi, Ustadhi, soma tu. Nilitaka maoni yasiyo na upendeleo. Hili lilikuwa kosa langu.

Akaeleza. Neno hili hapa, *bala*, analijua vizuri, limo katika mlango wa tohara, na maana yake ni "amekojoa". Hapa limeongezwa kitu mwishoni, na mbele yake pana 200. Neno linalofuata ni *sayuzalu*, yaani "kitaondolewa". Hilo nalo ni neno la tohara, maana najisi huondolewa. Kwa hiyo mstari wa kwanza unasema: mikojo mia mbili, itaondolewa.

Nikaandika.

"Lakini hapa mwandishi kakosea," akasema, akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Anasema daraja la tatu. Najisi kweli zina daraja tatu: nyepesi, ya kati na nzito. Ya tatu ni nzito, na hiyo ni ya mbwa na nguruwe. Mkojo wa binadamu ni ya kati. Huyu bwana hajui fikihi."

Yule mwanafunzi alikuwa ameacha kusoma zamani.

Ndipo nikasema kwamba dalali alitaja mkonge. Ustadhi hakusema kitu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka, akaivaa tena, akaitazama karatasi kama mtu anayetazama uso wa mtu aliyemwamkia kwa jina la mwingine. Kiarabu cha kila siku hakiandiki irabu. Herufi zile zile anazozisoma *sayuzalu* mtu wa vitabu, mtu wa bandari huzisoma *sizali*: mkonge. Na lile jingine wala si kitenzi. Ni neno la wafanyabiashara, wamelichukua kwa Wazungu, maana yake mzigo uliofungwa.

"Katika vitabu nilivyosoma mkonge haumo," akasema Ustadhi.

Akanywa kahawa yake iliyopoa, kisha akaanza upya kutoka juu, taratibu, mimi nikiandika: Mizigo 200 ya singa za mkonge. Daraja la tatu. Rutuba isizidi kumi na tatu katika mia. Isiwe na uchafu. Hapo alitamka neno lenyewe, *shawaibu*, na mzee aliyekuwa akipita na baiskeli akageuka kuuliza nani anaitwa shaibu.

Nikamwambia Ustadhi kwamba Casablanca huenda wakataka mfasiri aliyeapa. Akaniuliza, "Kiapo? Kwa ajili ya mkonge?" Sikulirudia swali hilo.

Alhamisi

Habari imeenea kwamba steshenari inatafuta karatasi za Kiarabu. Sikusema hivyo, nilisema natafuta mtu. Kufikia saa sita wamekuja wanne.

Wa kwanza ameleta mstari uliokatwa kwenye sanduku la tende. Wa pili ameleta hirizi, anataka nimfungulie nimwambie imeandikwa nini, maana ameivaa miaka tisa na hajaona tofauti. Nimemwambia mashine ina joto, itaiharibu. Wa tatu ameleta karatasi ya marehemu babu yake, imekunjwa mara nane, wino wa kahawia, na familia nzima wamekuwa wakiamini kwamba ni hati ya shamba la minazi ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. Nimempeleka mwenyewe kwa Ustadhi, kwa sababu sauti yake ilinitia huruma.

Ustadhi ameisoma kwa pumzi moja, bila miwani. Si Kiarabu. Ni Kiswahili kitupu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana watu wa mwambao huu kwa karne kadhaa kabla shule za Wajerumani hazijaeneza abjadi za Kizungu. Na si hati. Ni deni. Babu alikopa nazi 400 na karatasi haisemi kama alilipa. Mjukuu ameikunja tena mara nane akaondoka.

Wa nne alitaka kopi tu. Nilikuwa nimefunga mashine.

Ijumaa

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi. Dalali amekuja, nimemwambia Kiarabu kimekwisha, bado Kifaransa. Akasema basi nusu ya safari tumefika, akakaa kusubiri nusu ya pili. Ameondoka adhana ya Ijumaa ilipoadhiniwa.

Mchana nimepiga simu. Nchi za Afrika zenye Kiarabu na Kifaransa vyote viwili kama lugha rasmi ninazijua tatu: Chad, Djibouti na Komoro. Chad ni mbali. Djibouti sina mtu. Lakini Wangazija ni watu wetu, na palikuwa na baharia mmoja wa Kingazija aliyekuwa akionekana bandarini, Kifaransa cha shule, Kiarabu cha chuoni, Kiswahili cha kuombea sigara. Nimetuma kijana na bodaboda. Amerudi akasema baharia alipakia akaondoka siku tatu zilizopita. Bodaboda nimelipa mimi.

Kisha nimekumbushwa Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia huko mwaka 2007, na Kiarabu na Kifaransa ni miongoni mwa lugha inazofanyia kazi. Kama kuna mji Tanzania ambako mtu huamka asubuhi akatia Kiarabu kwenye Kifaransa kabla ya chai, ni huo. Shemeji yangu ana rafiki ambaye ana jirani anayefanya kazi hizo nyumbani kwake. Nimepewa namba.

Mtu mstaarabu sana. Ameniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: matini ina maneno mangapi, ni ya fani gani, kuna orodha ya istilahi, na nani atakayesoma. Nikajibu 612, mkonge, hakuna, na Casablanca. Akasema hutoza kwa neno, shilingi 300, na kwa maneno ya Kifaransa, si ya Kiarabu. Nikauliza tofauti ni nini. Akanieleza kwamba Kiarabu hugandisha "na", "kwa" na ile "al" kwenye neno lenyewe, vyote vinahesabiwa kimoja, lakini Kifaransa huviacha vimetawanyika, kwa hiyo ukurasa ule ule huongezeka ukivuka. Nimepiga hesabu kwa maneno ya Kiarabu tu, kabla haujavuka: 183,600.

Nimemshukuru. Kabla hajakata simu akasema jambo moja zaidi, bila kujisifu: "Dada, hata mimi ningekuomba unitafutie mtu wa mkonge. Mimi najua hukumu. Singa sijawahi kuishika."

Nimeiandika sentensi hiyo nyuma ya risiti ya Luku.

Jumamosi

Kosta ya saa kumi na mbili kwenda Tanga. Nimekaa juu ya injini kwa sababu kiti changu kilikuwa na ndoo ya samaki aliyekatiwa tiketi.

Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, yupo mama kutoka Bukavu mwenye saluni. Kifaransa amesomea mpaka sekondari, na mikono yake inasuka huku mdomo unafanya kazi nyingine, jambo linalookoa muda. Nimekuta wateja wawili mbele yangu na mmoja kichwani. Nikawa nasoma Kiswahili cha Ustadhi kwa sauti, yeye anasema Kifaransa, binti yake anaandika kwenye daftari.

Nikasoma: mizigo mia mbili ya singa.

"Singa ni nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitazama kuta za saluni, nikatafuta mfano wa karibu, nikasema: "Si unajua nywele za singa? Ndefu, laini, zimenyooka."

Akasema anajua sana, anaziuza. Binti akaandika *mèches*, ndilo jina la nywele za kuunganisha huko kwao. Daraja la tatu akaliandika bila kuuliza. Kwenye rutuba alisimama kidogo, akauliza kama ni ile rutuba ya shamba. Nikasema kwani kuna nyingine? Akaandika *fertilité*.

Kazi yote imechukua saa moja na nusu na kichwa kimoja. Amenitoza 25,000, akanipa karatasi iliyonukia mafuta ya nazi. "Aksanti," akasema. Nilirudi Pangani saa tisa nikiwa nimeridhika kabisa.

Jumapili

Nimenunua bando ili nihakiki. Nimesikia kwamba wafasiri wa kweli hufanya hivyo: unachukua kilichotafsiriwa, unakirudisha kinyumenyume, unaona kama umefika ulikotoka. Nimeingiza Kifaransa cha Bukavu kwenye simu, nikakitaka kwa Kiswahili. Kimerudi hivi:

"Mabegi 200 ya nywele bandia za katani. Daraja la tatu. Uwezo wa kuzaa usizidi asilimia 13."

Nimekaa nayo muda. Mabegi nikasema sawa, ni mizigo. Nywele bandia nikaelewa zilikotoka. Uwezo wa kuzaa nikautazama mpaka nikakumbuka Ustadhi alikuwa akisoma Kiarabu, na huko *rutuba* ni unyevunyevu. Sisi tuliolipokea neno tulilipeleka shambani likabaki huko. Mnunuzi wa Jeddah anataka mkonge uliokauka. Nilikuwa nimemwandikia kuhusu uzazi.

Jambo moja tu lilinifariji: daraja la tatu. Limekwenda Kifaransa likarudi vile vile. Nimelipigia tiki kwa kalamu ya bluu.

Jumatatu

Nimefunga duka nikavuka kwa pantoni. Upande wa pili kuna mzee aliyefanya kazi ya mkonge tangu kijana mpaka alipostaafu, na baba yake kabla yake, aliyekuja kwa namba kutoka kusini enzi za manamba. Nilimkuta anasuka kamba. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, kaa, usikae hapo, hapo pana miba.

Kwanza amenipa historia, kwa sababu kila anayekwenda kwake huanza na historia. Mkonge wa nchi hii ulianzia hapa hapa, Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipita Hamburg, ikazunguka bahari, na ilipofika iliyokuwa hai ilikuwa 62. Kutoka hiyo 62 yakaja mashamba yote, mpaka kufikia 1964 nchi ikawa inatoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. "Na haukuja na mkalimani," akasema mzee. Jina lenyewe la *sisal* liliokotwa kwenye bandari moja ya Mexico. Mashine ya kuchambua majani ikaitwa korona mpaka leo. Watu waliletwa kutoka kila pembe, kila mmoja na lugha ya mamake, na shambani ikabaki moja, hii tunayoongea.

Nikamsomea karatasi yangu.

Aliposikia robota la kilo 20 aliacha kusuka. "Hilo ni mto wa kulalia," akasema. "Robota ni kilo 250. Limeshindiliwa kwenye presi, ukiliangusha linakuvunja mguu." Nikamwonyesha ile ٢٥٠. Yeye hasomi Kiarabu, lakini kile kiduara amekiona kwenye sarafu na saa za misikitini miaka yote, na ni tano. Nukta ndiyo sifuri. Akapiga hesabu kwa vidole bila kuniuliza: marobota 200 mara kilo 250 ni tani 50. "Na tani wameandika ngapi?" Nikatazama ukurasa wa pili. Palikuwa na kiduara na nukta. Tani 50. Mimi nilikuwa nimeandika "0, mwisho".

Nikamwambia kuhusu nywele. Hakucheka, akaingia ndani akatoka na kishungi cha singa, akanipa nishike. Nilizaliwa Pangani na sijawahi kuzishika kwa makini. Kwa macho ni nywele za bibi harusi, nyeupe zenye manjano kidogo. Kwa mkono ni kitu kingine: zinakwaruza, zina ubishi, ukizivuta hazinyumbuki. Akaniambia katika kilo 100 za majani zinatoka singa kama kilo nne tu. Kilichobaki ni maji na makapi. Akakunja singa moja, akaipitisha kwenye tope la chini, akaniambia ndiyo kazi yake ndani ya jasi: kushika, ukuta usipasuke. Halafu akataja 11648. Nikaiandika nikidhani ni namba ya simu iliyopungua. Ni jina la mkonge chotara wa kituo cha utafiti cha Mlingano.

Mwisho nikasoma daraja la tatu, kwa kujiamini, maana lilikuwa na tiki.

"Ya tatu ipi?"

Nikasema ya tatu.

"Kuna 3L na kuna 3S. L ni ndefu, S ni fupi." Akanyoosha mikono kuonyesha: moja ilizidi kidogo kiuno chake kutoka chini, nyingine iliishia pajani. "Bei si moja. Mwarabu wako kaandika ipi?"

Nimefungua karatasi ya Kiarabu, kana kwamba ningeisoma. Nikampigia Ustadhi simu. Akasoma mstari kwa mstari. Haikuandikwa. Hakuna kosa la Ustadhi hapo, wala la mama wa Bukavu, wala hata langu, na hilo nililihesabu. Jeddah wenyewe waliisahau. Mtu wa Arusha kwa 183,600 angeitafsiri sawasawa kabisa, na ingefika Casablanca imesahaulika vile vile kwa Kifaransa kizuri.

Pantoni ya kurudi ilisubiri lori la saruji dakika arobaini. Nimesahau mwavuli kwa mzee.

Jumanne

Leo nimewakutanisha. Ustadhi amekaa kwenye kiti cha picha za pasipoti. Mzee amevuka na kishungi chake cha singa na mwavuli wangu. Mama wa Bukavu yuko kwenye simu, spika imefunguliwa, nyuma yake inasikika mashine ya kukaushia nywele. Dalali amesimama mlangoni akizuia wateja kwa mwili wake.

Utaratibu ulikuwa hivi: Ustadhi anasoma Kiarabu na kukisema kwa Kiswahili, mzee anasema kitu hicho korona wanakiitaje, mama anakitia Kifaransa, mimi nachapa. Mizigo ikawa marobota. Rutuba ikawa unyevu. Nywele zikawa singa, tukampigia mama picha ya kishungi, akakaa kimya kidogo, akasema kwa Kifaransa hizo ni *fibres*, na kwamba siku ile ningeleta picha asingepoteza mistari. Dalali akapiga Jeddah kuuliza ndefu au fupi. Ikajibiwa: fupi, ya jasi inatosha. Uso wake ukabadilika, kwa sababu alikuwa amepiga bei ya ndefu.

Tulipofika daraja la tatu nikasema hilo liko sawa, tuendelee.

"Ngoja," akasema mama. "Nimekuwa najiuliza tangu Jumamosi. Redioni nasikia Pangani mnajenga daraja. Sasa la kwanza na la pili yako wapi?"

Hakuna aliyejibu. Ustadhi ndiye aliyeelewa kwanza, nikamwona anatazama dari. Nikaomba binti asome alichoandika. Alikuwa ameandika *troisième pont*: mkonge wa daraja la tatu, lile la kuvukia mto. Simu ilikuwa imenirudishia neno langu lenyewe, nikalipigia tiki. Likawa *qualité*, na mbele yake 3S. Mzee akasema daraja lenyewe likikamilika hatutasubiri lori la saruji, jambo ambalo ni kweli ila halikuwamo kwenye mkataba.

Jumatano

Nimerudia kosa la Jumapili. Usiku niliingiza toleo la mwisho kwenye simu nione linasema nini. Likasema: "Risasi 200 za katani, tani 50, zipelekwe Casablanca."

Nimeizima simu, nikaiweka karatasi chini ya marimu ya A4. Saa moja asubuhi nimempigia mama wa Bukavu. Alikuwa bado na usingizi. *Balle*, akasema, ni risasi, na ni mpira wa watoto, na ni robota. Watu wa forodha wanajua. Simu haifanyi kazi forodhani. Akakata.

Saa tatu nimemkabidhi dalali. Amesoma ukurasa wa Kifaransa kuanzia juu hadi chini, lugha asiyoijua hata salamu, akasema umekaa vizuri. Amemalizia 50,000.

Hesabu: mama wa Bukavu 25,000. Nauli, pantoni na bodaboda ya baharia 11,400. Ustadhi amekataa pesa, akakubali kopi 300 za mtihani wa madrasa, ambazo kwa karatasi na wino ni 9,000. Mzee sukari kilo mbili, 6,000, na barua ya kufuatilia mafao yake nimemchapia bure. Bando 5,000. Imebaki 3,600. Luku sikuihesabu, ningeinunua tu.

Alhamisi

Nimeita fundi bango. Chini ya "Huduma Zote za Maandishi" ameongeza, kwa rangi nyekundu: "Tunatafsiri Kiarabu kwenda Kifaransa. Mkonge tu." Safari hii ametoza kwa herufi.

Mpaka kufunga ameingia mteja mmoja. Alitaka kopi ya kitambulisho, mbele na nyuma.